Namna ya Kuchunguza Jina Adimu la Ukoo: Chimbuko, Maana na Idadi ya Wenye Jina

Watu wengi wanaotaka habari za jina adimu la ukoo huanzia kwenye maana. Hufungua kamusi ya majina wasilione, kisha hukimbilia intaneti na kurudi na maana tatu zinazogombana: moja ya kazi ya mikono, moja ya mto, na ya tatu inayowapa babu wa kifalme. Mpangilio huo ndio unaowapoteza. Maana ya jina hutegemea lugha, lugha hutegemea mahali, na mahali hujulikana kwa kutazama jina liliandikwaje katika karatasi za zamani zaidi zilizobaki. Kwa hiyo anza na maandishi, nenda kwenye ramani, hesabu watu, kisha ndipo uulize maana.

Jina adimu lina neema ambayo jina kubwa halina: unaweza kumwandika kila mtu aliyewahi kulibeba. Hakuna atakayewaorodhesha akina Smith wa Marekani, maana sensa ya 2010 iliwahesabu 2,442,977. Lakini jina lililobebwa na watu mia chache kwa karne mbili linaenea lote kwenye lahajedwali moja, na ukishaliona lote kwa pamoja, mambo mengi ambayo wengine wanayakisia wewe utakuwa unayasoma tu.

Hatua ya 1: Jua jina lilianza kurithiwa lini

Si kila jina la mwisho ni jina la ukoo. Nchini Iceland watu wengi hubeba jina la baba au la mama lililomaliziwa kwa -son au -dóttir, na watoto wao watabeba jingine. Ethiopia na Eritrea jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na yote mawili husogea kila kizazi. Jina la namna hiyo halina idadi ya ukoo. Watu 500 wanaolishiriki ni watu 500 ambao baba zao waliitwa hivyo, basi.

Pale majina yanaporithiwa, tafuta mwaka ambao urithi huo ulianza kuwa lazima. Huko England majina yalishika polepole baada ya 1066, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi zilikuwa na jina la kudumu. Wayahudi wa himaya ya Austria waliamriwa kuchukua majina ya ukoo 1787. Uholanzi iliandikisha ambao hawakuwa nayo kwa amri ya Napoleon ya 1811. Japani iliwalazimisha raia wote 1875, Thailand ikatunga sheria yake 1913, na Uturuki 1934.

Mwaka huo ndio sakafu ya utafutaji. Jina la ukoo la Kituruki usilitafute katika daftari za 1850. Ukiliona humo ni lakabu au ni jina la mtu, na aliyelibeba huenda hana uhusiano wowote na walio nalo leo. Mwaka huohuo unaweza pia kukuambia namna jina lilivyopatikana. Ufilipino, gavana Narciso Clavería alitoa amri 1849 majina yagawiwe kutoka kwenye orodha iliyochapwa, na kuna miji iliyopewa kurasa za herufi moja tu. Kwa hiyo jina la Kihispania huko si ushahidi wa damu ya Kihispania, na majirani wawili wenye majina yanayoanza kwa herufi moja si lazima wawe ndugu.

Hatua ya 2: Kusanya maumbo yote ya jina

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: jina ni adimu, au ni tahajia tu iliyo adimu?

Chukua jina la Kibaski Etxeberria. *Etxe* ni nyumba, *berri* ni mpya. Aliyeitwa hivyo alitoka kwenye nyumba mpya ya kijiji. Kihispania likaandikwa Echeverría, mahali pengine likawa Chavarría, na umbo jingine la jina hilohilo ni Javier. Anayelichunguza umbo moja peke yake atadhani ana jina la watu wachache, kumbe ana tawi la jina kubwa. Vivyo hivyo, herufi moja ya Kichina 陳 husomwa Chen kwa Kimandarini, Chan kwa Kikantoni, Tan kwa Kihokkien na Trần kwa Kivietnamu. Majina yanayoandikwa kwa herufi za Kisirili hubadilika kulingana na lugha ya aliyeyahamisha: Tchaikovsky, Tschaikowski na Chaikovskii ni mtu yuleyule.

Fanya hivi. Andika jina lako katikati ya karatasi. Kulizunguka andika kila namna ambavyo karani asiyelijua angeliandika baada ya kulisikia mara moja tu. Badilisha vokali zote moja moja. Badilisha konsonanti zinazofanana mdomoni: b na p, b na v, d na t, g na k, s na z. Ongeza na uondoe h. Rudufisha konsonanti na uzirudishe kuwa moja. Ondoa silabi ya mwisho. Kisha fanya orodha ya pili, ya makosa ya jicho badala ya sikio, kwa sababu leo tunasoma kile ambacho mtu mwingine alikinakili kutoka kwenye mwandiko wa zamani:

- u na n hufanana, na neno lenye m, n, u na i zilizofuatana husomeka karibu vyovyote;
- s ndefu ya zamani (ſ) husomwa f;
- I na J, na vilevile U na V, zilikuwa herufi moja kwa waandishi wengi hadi karne ya 17;
- ff mwanzoni mwa jina la Kiingereza ni namna ya kuandika F kubwa, si herufi mbili;
- katika mwandiko wa Kijerumani wa Kurrent, e hufanana sana na n.

Viambishi vya mbele navyo vina mtego wake. Uholanzi, Van den Berg hupangwa chini ya B. Ubelgiji hupangwa chini ya V. Katika orodha za majina za sensa ya Marekani, nafasi na alama huondolewa, hivyo O'Brien utaikuta OBRIEN na De la Cruz utaikuta DELACRUZ. Majina ya Kiarabu hupoteza au hupata Al- na El- kila yanapovuka mpaka. Ukitafuta umbo moja tu la kiambishi, nusu ya watu wako hawataonekana.

Hifadhidata nyingi za nasaba hutoa utafutaji wa Soundex, mfumo wa kutafuta majina kwa sauti uliopewa hataza Marekani 1918. Unafanya kazi kwa kubakiza herufi ya kwanza, kutupa vokali pamoja na h, w na y, kisha kugeuza konsonanti kuwa tarakimu: b, f, p, v ni 1, c, g, j, k, q, s, x, z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Tarakimu zinazofanana zikifuatana huandikwa mara moja, na msimbo hukatwa kwenye tarakimu ya tatu au kujazwa sifuri. Unasaidia, lakini jua udhaifu wake kabla hujauamini. Kwa majina tuliyotaja, Etxeberria inatoa E321, Echeverria inatoa E216, Chavarria C160 na Javier J160. Ukoo mmoja wa majina, misimbo minne tofauti. Soundex ilitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza, na haiwezi kabisa kuvuka herufi ya kwanza. Kwa jina adimu ni salama zaidi kutumia alama za kubahatisha: nyota kwa herufi zozote na alama ya kuuliza kwa herufi moja, kama *ch?v?r* au ?tx?b?rr*. Ikiwa hifadhidata hairuhusu nyota mwanzoni, tafuta kwa jina la kwanza, mahali na mwaka wa kuzaliwa bila jina la ukoo, kisha soma matokeo kwa macho. Inachosha, lakini ndiyo njia inayowapata waliopotea.

Hatua ya 3: Fungua daftari lenye safu tisa

Mstari mmoja ni tukio moja, wala si mtu mmoja. Mtu aliyezaliwa, akaoa, akahesabiwa mara tatu na kufa ana mistari sita. Safu ziwe hizi: mwaka, jina la ukoo herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa, jina la kwanza, jinsi, mahali, aina ya kumbukumbu, mahali pa kuipata tena (rejista, ukurasa, namba ya picha), kama umeona karatasi yenyewe au nakala iliyochapwa, na namba ya mtu.

Safu ya mwisho uijaze baadaye, unapoanza kutambua kwamba mistari fulani ni ya mtu mmoja. Ukiijaza mapema utaunganisha watu wawili wenye jina moja la kwanza, kosa gumu kulifumua baada ya mistari mia tano. Ile ya jina kama lilivyoandikwa usiisahihishe kamwe. Umbo unaloona leo ni kosa huenda likawa ndilo la asili, na ulilonalo ndilo lililoharibika.

Tafuta kwa kurudi nyuma, kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Andikisho la kiserikali la vizazi, ndoa na vifo lilianza 1 Julai 1837 England na Wales, 1855 Scotland, 1864 Ireland kwa watu wote. Ufaransa lilianza 1792. Kabla ya hapo hutegemewa rejista za ubatizo, ndoa na maziko za makanisa, kodi, mikataba ya ardhi, wosia na orodha za askari. Jua pia mashimo makubwa ili usitafsiri ukimya vibaya: kumbukumbu nyingi za Ireland ziliteketea Dublin 1922, sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika karibu yote kwa moto wa 1921, na ile ya England na Wales ya 1931 iliungua 1942. Jina lisipoonekana katika miaka hiyo, usiseme lilitoweka.

Hatua ya 4: Ondoa majina mizimu

Jina mzimu ni jina ambalo halikuwahi kubebwa na mtu. Limezaliwa na kosa la kusoma au kunakili. Kwa majina adimu tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Sensa ya Marekani ya 2010 ilitoa majina tofauti ya ukoo yapatayo milioni 6.3, na yapata milioni 3.9 kati yake yaliandikwa mara moja tu. Sehemu isiyojulikana ya hayo ya mara moja ni tahajia zilizokosewa na mwandiko uliosomwa vibaya na mashine.

Kulitambua jina mzimu, weka mashaka pale unapoona dalili hizi: limeonekana mara moja tu, mtu huyo, kwa jina la kwanza, umri na mahali, anaonekana miaka kumi kabla au baada akiwa na jina linalofanana, na umbo lake linaelezeka kwa kosa mojawapo la jicho tulilotaja juu. Fungua picha ya karatasi yenyewe. Tafuta katika ukurasa uleule neno unalolijua kwa hakika, kama jina la mwezi au la mji, lenye herufi inayobishaniwa, na ulinganishe namna karani huyo alivyoiandika. Dakika tano za kulinganisha hivyo zinafuta mabishano mengi.

Kuna hadithi moja inayofaa kuachwa: kwamba majina yalibadilishwa na maafisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Wakaguzi wa pale walifanyia kazi orodha za abiria zilizoandikwa na makampuni ya meli bandarini kabla ya safari. Mabadiliko mengi yalifanywa na wahamiaji wenyewe baadaye, shuleni, kazini au walipoomba uraia. Kwa mchunguzi hii ina maana kwamba umbo la zamani litafutwe kwenye orodha ya bandari ya kuondokea, na badiliko litafutwe kwenye faili la uraia.

Hatua ya 5: Weka jina kwenye ramani

Chagua mwaka mmoja wa zamani wenye hesabu kamili, kabla treni na viwanda havijawasambaza watu mbali sana. Kwa Uingereza wengi hutumia sensa ya 1881 kwa sababu imenakiliwa yote. Kwa Uholanzi, hifadhidata ya majina ya ukoo Nederlandse Familienamenbank inaonyesha idadi ya 1947 na ya 2007 kwa manispaa. Kwa Ufaransa, takwimu za taasisi ya INSEE zinahesabu watoto waliozaliwa 1891 hadi 2000 kwa idara, yaani mikoa ya nchi hiyo. Hispania, taasisi ya takwimu INE inaonyesha mikoa.

Usiweke idadi tupu kwenye ramani, maana miji mikubwa itashinda daima. Weka uwiano kwa kila watu milioni moja:

watu wenye jina ÷ watu wote wa eneo × 1,000,000

Tuseme jina lina watu 412 katika nchi ya watu milioni 58. Hao ni 7.1 kwa milioni. Wilaya moja yenye watu 90,000 ina 60 kati yao. Hiyo ni 667 kwa milioni, yaani mara 94 ya kiwango cha nchi. Mji mkuu wa watu milioni 6 una 75, ambao ni 12.5 kwa milioni, mara 1.8 tu. Idadi kubwa iko mji mkuu, lakini kitovu kiko wilayani. Ukishapata kitovu, rudia hesabu kwa vijiji au parokia. Jina lenye chimbuko moja mara nyingi hubaki limekaza mahali pamoja kwa karne nyingi.

Ramani ikitoa vitovu viwili vilivyo mbali na hakuna anayeonekana katikati, fikiria kwamba jina lilizuka mara mbili pasipo uhusiano. Usilazimishe hadithi ya ndugu wawili waliotengana. Kwanza tazama kama kitovu cha pili kina jambo la kuvuta watu, kama machimbo, bandari au kambi ya jeshi, na kama umri wa watu wa kwanza kuonekana hapo unaonyesha walizaliwa kwingine. Sensa nyingi za karne ya 19 ziliandika mahali pa kuzaliwa, na safu hiyo moja humaliza swali.

Hatua ya 6: Hesabu wenye jina, na useme umehesabu nini

Takwimu ya jina bila mwaka, eneo na aina ya chanzo haina matumizi. Kabla ya kuandika namba yoyote, jibu maswali haya: wamehesabiwa walio hai au waliowahi kuishi? Watu, kaya, au matukio? Tahajia moja au maumbo yote? Wanawake walioolewa wamehesabiwa kwa jina la kuzaliwa au la mume?

Hilo la mwisho hubadilisha idadi sana. Sensa ya nchi ambako mke huchukua jina la mume humwongeza kila mke na kumwondoa kila binti aliyeolewa. Rejista ya vizazi haifanyi hivyo. Hispania mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na INE hutoa namba tatu: wenye jina kama la kwanza, kama la pili, na walio nalo pande zote mbili. Ukijumlisha mbili za kwanza bila kutoa ya tatu, watu wenye jina kotekote watahesabiwa mara mbili.

Kisha kuna kizingiti cha siri. Ili kulinda faragha, taasisi za takwimu hazionyeshi majina yenye watu wachache. Orodha ya sensa ya Marekani ya 2010 ina majina 162,253, yote ya watu 100 au zaidi. Hispania kizingiti ni watu 20 kwa nchi nzima na 5 kwa mkoa. Kwa hiyo jina lisipokuwepo kwenye orodha ya Marekani, jibu sahihi ni "chini ya 100", si "hakuna". Na jina lililokuwa na watu 104 mwaka 2000 likakosekana 2010 halijafa. Huenda limepungua watu watano tu.

Pasipo sensa iliyo wazi, kisia kwa vizazi, yaani watoto waliozaliwa. Chukua kipindi kirefu, angalau miaka 30, hesabu vizazi vyenye jina, gawa kwa vizazi vyote vya kipindi hicho, zidisha kwa idadi ya watu wote. Mfano: vizazi 12 kati ya 4,800,000 ni 2.5 kwa milioni; katika nchi ya watu milioni 60 tunapata karibu 150. Namba ndogo hubebwa na bahati, basi weka mpaka wa kosa: kipeuo cha pili cha hesabu, mara mbili. Kwa 12, kipeuo cha pili ni karibu 3.5, hivyo mpaka ni 7 juu au chini, na makisio yako yanakuwa kati ya watu 60 na 240 hivi. Ni pana, ndiyo, lakini ni kweli. Anayeandika "watu 150" peke yake anadai usahihi asiokuwa nao. Kwa sababu hiyohiyo, vizazi 12 muongo mmoja na 17 unaofuata si ushahidi kwamba jina linaongezeka.

Vitabu vya simu vina kasoro nyingine: huandika kaya, mara nyingi kwa jina la mtu mmoja, huacha wasiotaka namba zao zichapwe, na huwakosa vijana wa simu za mkononi. Vitumie kwa ramani. Kwa jumla ya watu havifai. Tovuti zinazotoa idadi ya dunia nzima hadi mtu wa mwisho nazo zisomwe kwa tahadhari, maana huchanganya vyanzo vya miaka tofauti na kukisia palipo wazi. Isipoandikwa namba imetoka wapi, iache.

Na uadimu wenyewe usiutafsiri kupita kiasi. Watson na Galton walionyesha katika miaka ya 1870 kwamba majina yanayofuata ukoo wa kiume hufa kwa bahati tupu: panapozaliwa mabinti tu, au wana wasiozaa, tawi linakatika. Jina la watu 40 leo linaweza kuwa la zamani sawa na la watu milioni.

Hatua ya 7: Sasa tafuta maana

Umeshika mambo matatu: umbo la zamani zaidi, mahali, na karne. Hayo yanakuambia lugha na lahaja ya kutumia. Mpe mtaalamu wa lugha hiyo umbo la zamani. La leo liweke kando.

Majina mengi ya kurithiwa huanguka katika mafungu manne: jina la mzazi au babu, jina la mahali, kazi, na lakabu ya tabia au umbo. Kwa jina adimu lenye kitovu kimoja, anza na mahali. Funua ramani za kina za eneo la kitovu, za zamani kadiri uwezavyo, na usome majina ya mashamba, mito, vilima na vijiji vilivyohamwa ndani ya kilomita 30. Shufflebottom, jina la Lancashire linalochekesha Waingereza, linatokana na mahali: bonde la kuoshea kondoo. Neno *bottom* ndani yake ni bonde. Ungelisoma kwa Kiingereza cha leo ungepotea kabisa.

Coward ni onyo jingine. Leo neno hilo ni mwoga, lakini jina limetoka kwenye Kiingereza cha kale *cu* na *hierde*: mchunga ng'ombe. Kanuni ya kufuata ni kwamba neno la leo linalofanana na jina si ushahidi hadi umbo la zamani liliunge mkono. Kaiser, King na Bishop kwa kawaida ni lakabu, au majina ya waliowatumikia wakuu hao, au walioigiza nafasi zao, usitafute taji.

Yapo majina ambayo maana yake haimhusu mtu wa kwanza aliyeyabeba. Wasweden walitunga majina ya mapambo kwa kuunganisha maneno mawili ya maumbile, kama Lindqvist, mlinde na kitawi. Askari wao walipewa majina mafupi na jeshi, kama Rask (mwepesi) na Modig (jasiri), na mtoto wa askari hakulirithi kila mara. Esposito wa Italia ni "aliyewekwa nje", jina walilopewa watoto waliotelekezwa. Ukilikuta, mstari wa baba huenda ukaishia hapo, na majina mawili ya Esposito yasidhaniwe ndugu.

Andika kila dhana ya maana pamoja na unachohitaji ili kuikataa. "Linatokana na shamba fulani" hukataliwa ikiwa jina linaonekana kwingine kabla shamba halijatajwa. Dhana ambayo hakuna kitu kingeweza kuikataa iondoe kwenye orodha.

Hatua ya 8: Vinasaba, kama vitovu vinabishana

Jina la ukoo la baba na kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, husafiri njia moja. Utafiti uliochapishwa 2006 ulilinganisha jozi 150 za wanaume wa Uingereza wenye majina yaleyale, kila jozi jina lake, na ukaona kwamba hadi 24% ya jozi zilikuwa na babu wa karibu, uwezekano ukipanda kadiri jina lilivyo adimu. Hapo ndipo jina adimu linapolipa.

Pima wanaume wawili kutoka kila kitovu, walio mbali zaidi kwa nasaba, angalau kwa alama 37 za kromosomu hiyo. Wakilingana ndani ya kitovu na kati ya vitovu, chimbuko ni moja. Wakilingana ndani tu, majina ni mawili. Mmoja asipolingana na yeyote, usihukumu jina: kuasiliwa, jina la mama au mtoto wa nje ya ndoa hutosha kuvunja mstari, kwa hiyo mpime wa tatu. Waeleze wapimwaji mapema kwamba jibu linaweza kufichua jambo la familia, na upate ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kifaa cha kupimia kutumwa.

Kuandika matokeo

Mstari wa juu wa taarifa yako uwe na umbo la zamani zaidi, mwaka wake na mahali, kwa mfano: "Umbo la kwanza kuonekana, mwaka, parokia, aina ya rejista, karatasi imeonwa." Chini yake weka maumbo yote kwa mpangilio wa miaka, kisha jedwali la idadi, kila namba ikiwa na mwaka, eneo, chanzo na kizingiti chake. Maana ifuate, kila dhana ikiwa na neno moja la uzito: hakika, yaelekea, au inawezekana. Majina na tarehe za walio hai usizichapishe. Weka idadi yao tu. Ambako eneo lina watu chini ya watano, andika "chini ya 5", kwa sababu kwa jina adimu, kijiji na mwaka wa kuzaliwa vinatosha kumtambulisha mtu.